Choo Kimoja, Wakwe Wawili

Mpaka leo kuna watu hapa mtaani Hewa Bora ambao wakikutana nami njiani hawaniulizi habari za nyumbani wala za kazi, wananiuliza habari za tumbo. "Papa Grâce, tumbo inaendelea?" Nami naitikia, nitafanya nini, maana ukuta niliuruka mwenyewe, mchana kweupe, nimevaa koti na tai, na walioshuhudia ni akina mama wa shirika letu la sala, karibu wote, ambao mnawajua vizuri, jambo wakiliona wao basi limeonwa na parokia nzima.

Sasa ngojeni niwaeleze sawasawa, kwa sababu nimesikia mkasa huu ukisimuliwa sokoni na ndani yake mimi nilikuwa nimelewa. Sikulewa. Ningekuwa nimelewa ingekuwa afadhali.

Yote yalianzia maternelle, ile shule ya watoto wadogo (asiye na mtoto ataona ninatia chumvi, asubiri zamu yake). Tulipowapeleka wetu wawili, Grâce aliyekuwa anakaribia miaka mitano, na mdogo wake Trésor ambaye alikuwa ndiyo kwanza ameachana na nepi, mimi na mke wangu Mireille tulitazamana tukasema, haya, sasa tutapumua. Kupumua! Hata wiki haijaisha wakarudi na mafua, na mafua yale yakatupitia nyumba nzima mmoja mmoja kama mama anayegawa chakula asiyetaka kusahau sahani hata moja. Yalipoondoka yakaja macho mekundu, baada ya macho tetekuwanga, baada ya tetekuwanga kikohozi ambacho hata Mama Kapinga, jirani yetu wa nyuma ya ukuta, alikuwa akikisikia kwake anatupa pole kwa sauti. Watoto wa wenzetu walikuwa wanarudi nyumbani na michoro, wetu wanarudi na homa. Mimi ni mwalimu wa hesabu wa sekondari, zamu yangu ni ya mchana, na Mireille anauza vitambaa dukani mjini tangu asubuhi, kwa hiyo asubuhi muuguzi wa nyumba ni mimi, mchana ninakwenda kufundisha nikiwa na chochote kile nilichoambukizwa asubuhi. Kuna siku nilikuwa ninaeleza pembetatu huku pua inatiririka, mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono, nikafurahi nikidhani ana swali, akasema, "Prof, muende tu mulale."

Hayo tungeyavumilia. Kilichotuponza ni simu. Mama yake Mireille anakaa Lukafu, ni mtu wa shamba, mgongo wake haujui kitanda mchana, na kila Jumapili alikuwa anampigia binti yake, na kila Jumapili nyuma ya sauti ya binti yake anasikia mtoto anakohoa. Mwishowe akachoka. Simu ilikuwa imefunguliwa sauti, nikasikia mwenyewe: "Minakuya kuangalia na macho yangu. Nikikuta batoto beko bagonjwa, minababeba, bende kukaa na mi ku Lukafu mpaka bakomae. Ile masomo yenu inaua batoto."

Ndugu zangu, niliogopa, nasema wazi. Kwetu sisi, familia zilizotoka kaskazini ya Katanga, mama mkwe akisema wajukuu wanaondoka, baba hapingi, kwa sababu hana hata mdomo wa kupingia: mwanamume na mama wa mkewe hawaketi pamoja, hawali pamoja, hawatazamani machoni, hawasemezani ana kwa ana. Heshima hiyo ndiyo tunayoiita bukwe, na mkwe mwenyewe huitwa hivyohivyo. Sasa utabishana vipi na mtu ambaye huruhusiwi hata kumtazama? Na nyumba yangu bila watoto wale, hata kama wanakohoa, hata kama wananipangusia pua kwenye suruali, ni matofali tu.

Akaja Alhamisi, na gunia la viazi vitamu, karanga ambazo hazijamenywa, na kuku mmoja jike, mwekundu, mzima, amefungwa kamba mguuni. Bahati ikawa upande wangu, au ndivyo nilivyodhani: siku ile watoto walikuwa wazima kabisa, wanarukaruka, na Trésor akang'ang'ania kunywa chai katika kikombe kimoja na kaku wake (hivyo ndivyo wanavyomwita bibi yao), anakunywa yeye, anakunywa kaku, anarudishiwa tena. Nilipokwisha kupata chai yangu chumbani kama mkwe mwenye adabu, Trésor akaniletea na mimi kile kikombe nimalizie. Nikamalizia. Kishikeni kikombe hicho vichwani mwenu, tutakirudia.

Ijumaa asubuhi Mireille ameshatoka kwenda kazini, mimi ninamvalisha Trésor, Trésor ananitazama kwa upole, anafungua mdomo kama anayetaka kunibusu, akanitapikia shati zima.

Hapo ndipo nilipofanya ule uamuzi mdogo. Mtu mwenye akili angesema, mtoto anaumwa, abaki nyumbani. Lakini nyuma ya mlango nilikuwa ninasikia fagio la kaku, shwaa, shwaa, anafagia baraza na kungoja ushahidi. Nikafunga mlango vizuri, nikamwosha mtoto, nikabadili shati, nikampa sirop ya homa, kisha nikapiga magoti, mimi mtu mzima na diploma yangu, nikamnong'oneza, "Trésor, usiambie kaku. Sawa? Iyi ni siri ya banaume." Akaitikia kwa kichwa, kifua mbele. Kwenye geti la shule mwalimu wao, Maîtresse Annie, huwagusa watoto paji la uso mmoja mmoja kwa mgongo wa mkono, maana wazazi wa pale wote ni wajanja kama mimi. Akamgusa Grâce, akamgusa Trésor, sirop ilikuwa imeshafanya kazi yake, akawapitisha. Nikarudi nyumbani ninapiga mluzi.

Sasa lazima mjue nyumba yangu ilivyo. Choo kiko uani, kwenye kona, ni kimoja, na mlango wake ni wa bati, yaani chochote kinachotendeka mle ndani kinatangazwa. Mama mkwe alikuwa ametandika mkeka wake kwenye baraza ya nyuma, anamenya karanga, na ili ufike chooni ni lazima upite mbele ya magoti yake. Mimi nikakaa sebuleni, dirisha wazi, ninasahihisha madaftari, na dirisha lile linatazama mlango wa choo moja kwa moja. Yeye analinda njia, mimi ninalinda mlango. Nilikuwa nimevaa koti, tai, na suruali yangu ya harusi ya rangi ya maziwa, kwa sababu mama mkwe akiwepo nyumbani mtu hakai na kaptula.

Kwa kawaida Mireille au watoto ndio wanaobeba maneno kati yetu. Siku ile hakukuwa na mtu. Kulikuwa na kuku.

"We kuku," akasema mama mkwe bila kugeuka, "umuulize mwenye nyumba kama batoto balienda muzuri ku masomo."

Kuku, ambaye alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya baraza, akainua kichwa.

"Kuku," nikajibu kutoka dirishani, "umuambie mama, batoto beko bien kabisa. Hata mafua hapana. Na umuulize kama yeye alilala muzuri."

"Kuku, umuambie nililala muzuri sana. Mwili haina kitu."

(Mnacheka, lakini kwetu hiyo ni adabu. Wengine wanazungumza na ukuta. Mimi angalau nilikuwa na kuku.)

Tumbo liliponguruma mara ya kwanza nilidhani ni pikipiki barabarani. La pili nikajua pikipiki iko kwangu. Nikakaza. Nikajiambia, atainuka tu, mtu hawezi kukaa mkekani asubuhi nzima, ataenda kuchota maji, ataenda kulala, nami nitapita mbio. Hakuinuka. Daftari likawa mbele yangu, mbili mara tatu mtoto ameandika tano, nikaweka alama ya sahihi. Jasho likaanza kushuka ndani ya koti.

"Kuku," nikasema, na sauti yangu yenyewe niliisikia imekuwa nyembamba, "umuulize mama kama hapendi kupumuzika kidogo mu chambre."

"Kuku," akajibu kwa ukali, "umuambie mi sichoke. Umuulize na yeye kama haendake ku kazi."

"Kuku, umuambie kazi ni ya mchana."

Nikadhani nimemkasirisha. Leo nikikumbuka, karanga alikuwa ameacha kuzimenya zamani, amezishika tu mkononi, anatazama mbele kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Lakini mwenye shida yake haoni ya mwenzake.

Kutokea mlango wa mbele kwenda kuomba choo kwa jirani? Nililifikiria. Geti la Mama Kapinga liko barabara nyingine kabisa, unazunguka mtaa mzima, unasalimia watu, "jambo, jambo, habari ya batoto", na tumbo langu halikuwa tena la salamu. Lakini ukuta wa kwake unapakana na ubavu wa nyumba yangu, chini ya dirisha la chumba cha kulala, mahali ambapo mtu wa barazani haoni. Nami nilijua kwamba Ijumaa Mama Kapinga huwa sokoni. (Mireille alikuwa ameniambia kwamba wiki ile zamu ya kupokea shirika kwa rozari ilikuwa ya Mama Kapinga. Aliniambia, nakubali. Mwanamume anaambiwa mambo mengi.)

Basi nikachukua karatasi ya chooni nikaibana kwapani chini ya koti, nikatoka kwa dirisha la chumba, nikapanda juu ya tairi kuukuu, na kwa kuwa mimi ni mtu wa hesabu nikaulegeza mkanda mapema, nikafungua na kifungo cha suruali, ili nikifika nisipoteze muda. Nikajivuta mpaka juu ya ukuta. Nikatazama chini. Akina mama wamejaa uani, kwenye mikeka na vigoda, vitambaa kichwani, macho yamefumbwa, rozari mikononi, na sala imefika palepale penye maneno "saa ya kufa kwetu".

Ningeweza kurudi. Mikono ilitaka kurudi, tumbo likakataa, na ukuta ukaamua: tofali moja likachomoka, nikaanguka katikati yao.

"Mwizi! Mwiziii!" Mama mmoja mnene akavua babushi mguuni akanipiga nayo mgongoni, mwingine kichwani, karatasi ya chooni ikaniponyoka ikaenda ikijikunjua katikati ya uwanja mpaka miguuni pa kiongozi wa sala, nami nikajaribu kuinuka nikimbie, na ule mkanda niliokuwa nimeulegeza kwa hesabu ukafanya kazi yake kabla ya wakati. Kuhusu tumbo, ule mshindo wa kuanguka ulimaliza subira yake. Sitaongeza neno. Suruali ilikuwa rangi ya maziwa, nimeshasema.

"Muache! Muache!" Mama Kapinga akapiga kelele. "Ni voisin, ni jirani yangu! Yesu wangu, ni Papa Grâce!" Akaniinamia. "Voisin, unatafuta nini apa?"

"Choo," nikasema.

"Na kwenu? Choo yenu inaharibika?"

"Hapana. Kuko bukwe."

"Aaaah!" Walisema wote kwa pamoja, kwa huruma ya kweli, hata yule mnene akashusha babushi yake. Hakuna aliyehitaji maelezo zaidi. Na mikono yote, yenye rozari na yenye viatu, ikanionyesha njia upande uleule.

Nilipotoka mle ndani nilikuwa nimeoga kwa ndoo na kuvikwa kikwembe, yaani kitenge cha Mama Kapinga, kile cha sare ya akina mama wa parokia, juu yake koti langu na tai, maana hivyo vilinusurika. Nikaomba nibaki pale mpaka giza liingie. Wakakataa, wakasema mgonjwa hawezi kwenda peke yake, na kelele za mwizi zilikuwa zimeshaita mtaa, vijana wa pikipiki wamesimama getini na mawe mikononi, wamevunjika moyo kabisa kusikia hakuna mwizi, kwa hiyo wakatusindikiza na wao. Tukazunguka ile njia ndefu yote niliyoikimbia, salamu zilezile, "jambo, jambo", mpaka getini kwangu, tukaingia uani.

Mkeka ulikuwa mtupu. Karanga zimemwagika. Nikasema moyoni, amenikimbia, amekwenda kuwachukua watoto shuleni.

Ndipo mlango wa bati ukalia, kriii, na mama mkwe akatoka chooni, ameshika tumbo kwa mkono mmoja na ukuta kwa mwingine. Akainua macho. Nami nikainua yangu. Tangu nimwoe binti yake hatukuwa tumetazamana, na siku ya kutazamana tukachagua ile, yeye anatoka alikotoka, mimi nimevaa kikwembe, na shirika zima linaangalia.

Mnadhani yameisha. Nyuma yangu nikasikia, "Hodi, Papa Grâce," ni Maîtresse Annie, amembeba Trésor begani, Grâce anamfuata na mifuko yote miwili.

"Pole, mais mutoto anatapika mu classe yote," akasema. "Na anasema asubui alitapika, ulimukataza kusema."

"Sikuambia kaku!" akapaza sauti Trésor kutoka begani kwake, mnyonge lakini anajivuna. "Niliambia tu Maîtresse!"

Mama mkwe akatembea pole pole mpaka kwenye nguzo, akasimama mbele ya kuku.

"We kuku," akasema, "umuulize mwenye nyumba, juu ya nini ananificha."

Nikafungua mdomo nimjibu kuku. Maneno yakakataa kwenda kwa kuku. Nikamtazama mtoto wangu amelegea pale begani kwa mtu, nikamgeukia mama mkwe mwenyewe. "Mama, niliogopa. Ulisema ukikuta beko bagonjwa utababeba. Mi siwezi kukaa bila bale batoto. Siwezi, mama."

Akina mama wakavuta pumzi, maana nilikuwa nimemsemesha ana kwa ana mbele ya mashahidi. Mama mkwe akainama, akafungua ile kamba mguuni mwa kuku.

"Iyi kuku inabeba buongo ya bantu bakubwa tangu asubui," akasema. "Inachoka." Akanigeukia mimi, mimi mwenyewe. "Na mi nilikuambia mwili haina kitu. Tangu jua inatoka minakaza tumbo, minangoja utoke pale ku dirisha."

"Na mi nilikuwa nangoja utoke ku baraza, mama." Kile kikombe cha Trésor kilikuwa kimetufikia sote wawili.

Yule mama wa babushi ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akaketi chini, na wote wakamfuata, na vijana wa pikipiki, na Maîtresse Annie akanikabidhi Trésor kwa sababu alikuwa anaogopa kumwangusha. Mama mkwe alijaribu kukaza uso, akashindwa, akacheka akishika tumbo, kisha akaacha kucheka ghafla, akatazama mlango wa bati, akanitazama mimi.

"Bukwe," akasema, "ni nani anatangulia?"

Akatangulia yeye. Heshima ni heshima.

Kuku tulimchinja Jumapili, tukala sote kwenye meza moja, mimi na mama mkwe tukinywa supu tu kwa kijiko kama wagonjwa tuliokuwa, na kwetu kuku aliyeliwa namna hiyo huifungua bukwe, mnaweza kusemezana mpaka mwisho wa maisha. Mireille alilia kidogo, akasema ni furaha (na yeye alishaanza kuumwa, kwa hiyo sina hakika). Mama mkwe akampakata Trésor, akasema, "Nilikuja kubabeba juu nilizani hamubaangalie. Saa hii minaona munabaangalia mpaka ninyi wenyewe munaharibika." Akampangusa Trésor pua. "Na tena, ku Lukafu nyumba yangu iko kimya sana. Sibabebi. Minabaki mimi. Minabaki mpaka hii magonjwa inaisha."

Nikamshika mkono kwa mikono miwili, nikashukuru kutoka moyoni. Watoto wangu wamebaki! Sikuyasikia vizuri yale maneno ya mwisho.

Ninyi wenye watoto maternelle, niambieni, magonjwa yale yanaisha lini? Mama mkwe yupo. Tangu Ijumaa ile tumekuwa na masikio, koo, mafua mengine mapya, na sasa tunakohoa watu watano kwa sauti moja, mpaka Mama Kapinga amechoka kutupa pole. Wahenga wanasema mficha maradhi kilio humfichua. Mimi nilifichuliwa na tofali, na nimeapa, sitampa tena mtoto sirop ili kumdanganya mwalimu wake, na choo cha pili nimeanza kukijenga, matofali yako uani njooni muone. Watoto wangu ninalala ninawasikia, sijutii.

Ila mama mkwe sasa ananisemesha mwenyewe. Ananisemesha kuhusu tai yangu, kuhusu ninavyomwosha mtoto masikio, kuhusu kwa nini mwanamume mzima anasahihisha kwa kalamu nyekundu, kuhusu choo kinajengwa pole pole namna gani, kuanzia kahawa ya asubuhi mpaka taa inazimwa, moja kwa moja, uso kwa uso, bila mtu wa katikati. Na ile kamba bado imefungwa kwenye nguzo ya baraza. Kuna wakati ninaitazama, ndugu zangu, na ninamkumbuka sana yule kuku.